Mali ilipokelewa na nani? Kusoma hukumu za zamani za Élisabethville unapotafuta ndoa ya nkambo

Swali. Ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Katika sanduku la marehemu baba nilikuta nakala za karatasi tatu. Ya kwanza ni hukumu ya mwaka 1941 ya Tribunal du Centre extra-coutumier d'Élisabethville, mahakama ya makazi ya Waafrika ya Lubumbashi ya zamani. Nkambo mwanaume (babu) anadai arudishiwe mali yake ya ndoa, yaani mahari, faranga 600, na mdaiwa ni mtu anayeitwa "père" (baba) wa nkambo mwanamke (nyanya), ingawa jina lake si la baba yake tunayemjua. Tribinali inavunja ndoa na kuamuru zirudishwe 350. Ya pili ni orodha ya watu ya 1942, inayomwita nkambo mwanamke "femme libre" (mwanamke huru). Ya tatu ni cheti cha ubatizo wa baba, 1943, nacho kinawataja nkambo hao wawili kama wazazi wake. Wazee wanaapa kwamba hawakuachana hata siku moja. Niamini wazee au karatasi? Na je, baba alizaliwa nje ya ndoa?

Jibu. Ndugu yangu, karatasi zako tatu zinaweza kuwa za kweli zote, na wazee wako pia wakawa wanasema kweli. Hukumu ya 1941 iliandikwa kumaliza ugomvi wa mali kati ya wanaume wawili. Orodha ya 1942 iliandikwa kuhesabu watu wa site, yaani mtaa wa Waafrika mjini, na cheti cha 1943 kiliandikwa kwa sheria ya Kanisa. Kila moja inatumia neno "ndoa" kwa kipimo chake, na makosa mengi ya watafutaji huanza pale wanapozisoma kama zinajibu swali moja.

Tuanze na tribinali yenyewe. Dikreti ya 15 Aprili 1926 ndiyo iliyozipa mahakama za wenyeji nafasi rasmi katika Kongo ya Wabelgiji: za machifu vijijini na za teritwari (wilaya ya utawala) juu yao. Dikreti ya 23 Novemba 1931 ikaunda vile "centres extra-coutumiers", yaani makazi ya Waafrika mijini yaliyotolewa chini ya machifu, na makazi hayo yakawa na tribinali yao. Ile ya Élisabethville ilisikiliza mashauri ya watu waliotoka kila upande: Kasai, Lomami, Luapula, Rhodesia ya Kaskazini, hata Ruanda-Urundi ambako Union Minière, kampuni ya migodi, iliandikisha wafanyakazi kati ya 1925 na 1930. Waamuzi walikuwa Wakongo, karani akiandika, mara nyingi kwa Kifaransa, maneno yaliyosemwa kwa Kiswahili au lugha nyingine. Sheria waliyotumia ilikuwa desturi, mradi isipingane na sheria zilizoandikwa wala na kile Wabelgiji walichokiita utaratibu wa umma.

Maana yake kwako ni hii: ndoa iliyojadiliwa 1941 ni ya desturi. Haikuhitaji cheti, na mbele ya waamuzi ilijulikana zaidi kwa mali. Nani alitoa, nani alipokea, kiasi gani, mbele ya mashahidi gani. Kwa hiyo unapoisoma hukumu hiyo, acha kwanza maneno "épouse" (mke) na "mari" (mume), ufuate mali kutoka mkono hadi mkono. Hapo ndipo karani alipokuwa makini, kwa sababu ndipo palipokuwa na ugomvi.

Sasa huyo "père" asiye baba. Angalia kwenye utambulisho wa pande mbili, mistari ya juu kabisa baada ya "en cause de": kila mtu anatajwa kwa jina, "fils de" (mwana wa) au "fille de" (binti wa), kijiji, chefferie (eneo la chifu), teritwari, halafu makazi yake mjini na mwajiri wake. Chefferie ya nkambo mwanamke ndiyo itakayokuambia desturi ipi ilitumika kwake. Kama alikuwa wa Wabemba, Walamba, Walala au Waaushi, watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti kubwa juu ya ndoa ya binti ni mjomba, ndugu wa mama yake. Karani aliyesikia shahidi akisema "baba yake" au "mkubwa wake" aliweza kuandika "père", "oncle" (mjomba au ndugu wa baba), "frère" (kaka) au "tuteur" (mlezi) kwa mtu yule yule katika ukurasa mmoja. Kama alikuwa Mluba wa Katanga au wa Kasai, ukoo unafuata baba, lakini hapo pia ndugu wa baba huitwa baba, na baba akifa au akibaki kijijini, ndugu yake aliyeko mjini ndiye anayepokea mali. Neno "père" katika hukumu ya mali lisome hivi: mtu aliyepokea, au anayewajibika kurudisha. Baba mzazi mtafute katika "fille de". Majina hayo mawili yakitofautiana, hujakuta kosa. Umepata jina la ndugu wa ukoo ambaye pengine familia ilishamsahau, na ni hazina, maana kupitia kwake utapata kijiji.

Sehemu tajiri zaidi ya karatasi yako ni faranga 250 zisizorudishwa. Tribinali haikukata kiasi hicho kwa bahati. Soma sehemu inayoanza na "attendu que" (kwa kuwa), neno linalorudiwa mwanzoni mwa kila sababu. Sababu za kupunguza zilikuwa chache. Watoto waliozaliwa: katika jamii zinazofuata baba, mali ndiyo inayowafunga watoto kwa ukoo wa mume, kwa hiyo sehemu yake hubaki kwa wakwe. Miaka ambayo mke alifanya kazi nyumbani kwa mume. Kosa la mume mwenyewe, kama kumpiga au kumtelekeza. Na mwisho, vitu ambavyo waamuzi waliviona ni zawadi, "cadeaux", kama kitambaa cha mama mkwe, ambavyo mara nyingi havikurudishwa. Ukikuta "attendu qu'un enfant est né" (kwa kuwa mtoto alizaliwa), basi kabla ya 1941 kulikuwa na mtoto, kaka au dada wa baba yako, aliyekufa mdogo au aliyelelewa upande wa pili. Familia nyingi hazimtaji mtoto wa namna hiyo, na hukumu ndiyo karatasi pekee inayomtunza. Ukikuta kosa la mume, utaelewa pia kwa nini wazee hawapendi kuzungumzia jambo hili, na uulize kwa upole.

Angalia vilevile kama hukumu imetolewa "contradictoirement" au "par défaut". Ya kwanza ni kwamba pande zote mbili zilisimama zikasema. Ya pili ni kwamba mdaiwa hakuja, na waamuzi walikuwa na maneno ya mdai tu. Hapo hizo 600 ni kiasi alichodai nkambo wako, na huenda ndani yake amehesabu blanketi, mbuzi na baiskeli kwa bei aliyoipanga yeye.

Nasi tunafika kwenye kiini cha swali lako. Hukumu ya kuvunja ndoa na kurudisha mali haimaanishi kwamba mali ilirudi. Kwa desturi, mali iliyobaki kwa wakwe ni ndoa iliyobaki na mguu mmoja ndani. Mume aliyekimbiwa na mke alikuwa na njia moja yenye nguvu ya kuwashtua wakwe: kwenda tribinali kudai mali. Mjomba aliyeshatumia hizo faranga kumwolea mwanawe hakuwa nazo. Akamrudia binti na kumwomba arudi kwa mumewe, mume akaridhika, na hukumu ikabaki kwenye daftari bila mtu wa kuifuta, kwani waliopatana hawakuwa na sababu ya kurudi kwa karani kulipa gharama nyingine. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa, wazee wako hawadanganyi. Kwao hawakuachana kamwe, kwa sababu mali haikurudi.

Ushahidi wa jambo hili unapatikana pembeni na nyuma ya ukurasa. Omba kuona daftari lenyewe, nakala peke yake haitoshi: waliopiga nakala mara nyingi huacha mgongo wa karatasi. Tafuta maandishi ya wino tofauti, tarehe ya baadaye, neno "exécuté" (imetekelezwa), "payé" (imelipwa), "acompte" (malipo ya sehemu), au safu ya kiasi kidogo kidogo, 50 mwezi huu, 50 mwezi ujao, na alama za dole. Malipo yakifika 350, ndoa ile ilikwisha kweli, na kama walirudiana kabla ya 1943 basi ilikuwa ndoa mpya yenye mali mpya, au kuishi pamoja bila mali. Malipo yakikoma katikati au yasipokuwapo kabisa, kurudiana ndiyo maelezo ya kwanza ya kufikiriwa. Tafuta pia majina hayo hayo katika daftari la miezi 24 inayofuata. Mali isiyolipwa huzaa kesi ya pili ikiwa ugomvi bado upo. Kimya ni dalili, ingawa si uthibitisho. Na uangalie juu: shauri liliweza kwenda kusahihishwa katika tribinali ya teritwari, au kufutwa na tribinali ya paruke, yaani ya ofisi ya mwendesha mashtaka. Hukumu iliyofutwa bado iko kwenye daftari lake la kwanza, na ukiishia hapo utaisimulia familia jambo lisilokuwapo kisheria.

Kuhusu "femme libre" ya 1942, usiruhusu neno hili liichafue heshima ya nkambo wako. Kwa utawala lilikuwa fungu la kuhesabia watu: mwanamke mzima asiyeandikwa chini ya mume wala baba katika site. Waliingizwa humo wajane, walioachwa, wake waliotengana na waume zao kwa muda, na hata mwanamke ambaye mumewe alikuwa anaishi kambini kwa kampuni wakati yeye yuko site. Katika vituo kadhaa, Usumbura (Bujumbura ya leo) ukiwa mfano unaojulikana sana, wanawake wa fungu hilo walitozwa kodi, na maelezo rasmi yalikuwa "wanaoishi peke yao kinadharia". Mwaka 1942, baada ya hukumu ya 1941, karani wa sensa huenda alinakili tu matokeo ya tribinali. Pengine hakwenda kuangalia kama mume amerudi. Thamani ya orodha hii kwako ni anwani na namba ya fishi (kadi ya kumbukumbu). Ukikuta anaishi kwa ndugu yule yule aliyepokea mali, umethibitisha kwamba mwaka huo alikuwa kwao.

Cheti cha ubatizo kina mtego wake. Kutajwa kwa baba na mama hakuthibitishi ndoa, ila kunathibitisha kwamba mwanaume huyo alikubali mbele ya padri kuwa mtoto ni wake, na hilo si dogo. Waulize ofisi ya parokia wakusomee mstari wote wa rejista, si cheti kilichofupishwa. Rejista za wakati huo zilijazwa kwa Kilatini, na unaweza kukuta "legitimus" (wa ndani ya ndoa) au "naturalis" (wa nje ya ndoa). Kipimo hapa ni sheria ya Kanisa. Wazazi wawili wasiobatizwa waliooana kwa desturi walihesabiwa kuwa na ndoa ya kweli. Lakini mmoja akiwa Mkatoliki na ndoa haikufanyika mbele ya padri, mtoto aliandikwa "naturalis" hata kama mali ilitolewa yote hadi mbuzi wa mwisho. Kwa hiyo "naturalis" ya padri haijibu kama mjomba alipokea mali.

Kilicho bora zaidi ni mistari ya ubatizo ya nkambo wenyewe, ikiwa walibatizwa. Tangu 1908 Kanisa linadai kwamba ndoa ya Mkatoliki iandikwe pembeni mwa mstari wake wa ubatizo, pamoja na tarehe na mahali. Pembeni pakiwa na ndoa ya 1944 au 1950, utaelewa kwamba walihalalisha kanisani ndoa iliyokuwapo kwa desturi. Kama walikuwa Wametodisti au wa misheni nyingine ya Kiprotestanti, taratibu za kuandika zilitofautiana, na utategemea zaidi daftari la washirika.

Karatasi ya nne huna, nayo ndiyo ningeitafuta mapema: fishi ya kazi ya nkambo mwanaume. Kampuni kubwa, Union Minière na reli ya BCK, ziliandika mke na watoto kwa sababu ya nyumba na posho. Mwanaume aliyepewa posho ya mke 1942 na 1943 alikuwa na mwanamke nyumbani, na jina lake huwa limeandikwa. Hata hivyo isome kwa tahadhari. Kwa kuwa mwenye mke alipata zaidi, wengine waliandikisha ndoa kabla mali haijatolewa, na wengine hawakuwaondoa wake walioshaondoka. Fishi inakupa pia mshahara wa mwaka huo, na hapo ndipo unapoweza kupima uzito wa faranga 600: zilikuwa miezi mingapi ya kazi yake? Usijaribu kuzigeuza kuwa faranga za leo. Mwaka 1967 faranga 1,000 ziligeuzwa kuwa zaire 1, kisha sarafu ikabadilishwa tena na tena, na hesabu hiyo haina maana.

Kuna maneno madogo ya Kifaransa yanayopotosha watu wengi. "Feu" mbele ya jina ni "marehemu": "fille de feu Ilunga" ni binti wa marehemu Ilunga, na kuna familia zimeongeza "Feu" kwenye shina la ukoo kama jina la mtu. "Femme" ni mwanamke au mke, na sentensi peke yake haiamui. "Vers 1915" ni mwaka uliokadiriwa kwa kumtazama mtu usoni. Mwachie nafasi ya miaka mitano au zaidi kila upande. "Soi-disant mari" ni mtu anayejiita mume, maneno ya upande mmoja. "Dit pour droit" ndipo uamuzi unapoanza, na yaliyo juu yake ni madai na sababu. Pale ushuhuda ulipoandikwa kwa Kiswahili, kumbuka Kiswahili chetu: "bibi yake" ni mke wake. Msomaji wa Dar es Salaam atatafsiri nyanya, na atakuharibia kizazi kizima.

Majina nayo. Mtoto hakubeba jina la baba kama leo, kwa hiyo kulifuata jina la ukoo wenu nyuma ya miaka ya uhuru mara nyingi hakufiki popote. Fuata jozi: jina la mtu pamoja na jina la baba, la mama na kijiji. Vitatu kati ya hivyo vikilingana, ni yeye. Kimoja tu, achana naye, kwa sababu akina Ilunga na Kasongo walijaa katika kila kambi. Andika kila namna jina linavyoweza kuandikwa kabla ya kufungua daftari: Ngoy, Ngoi, Ngoie, Ngoye, Tshisenga, Chisenga, Kisenga, Ilunga na Irunga. Karani Mflemish aliweza kuandika "oe" mahali pa "u". Majina ya Kikristo yaliachwa mwaka 1972, basi baba yako aliyebatizwa Joseph anaweza kuwa na jina jingine kabisa katika karatasi za Zaire. Na mahali pia: kati ya 1933 na 1947 mkoa wote uliitwa Province d'Élisabethville, Likasi ilikuwa Jadotville, Kalemie ilikuwa Albertville. Anayetafuta Bukavu aandike Costermansville.

Kwa anayefuata ndoa ya baadaye, kuna tarehe moja ya kuzingatia sana. Dikreti ya 4 Aprili 1950 ilizuia ndoa mpya ya mke wa pili kuanzia 1 Januari 1951. Kabla ya tarehe hiyo, mke wa pili aliyetolewa mali ni mke mbele ya tribinali. Baada yake, mwanamke mwenye mali ile ile, mashahidi wale wale na baraka za wazee wale wale ataitwa "concubine" (hawara). Hukumu mbili zenye miaka miwili kati yake zinaweza kuwaelezea dada wawili wa tumbo moja kwa maneno tofauti kabisa, wakati nyumbani hakuna aliyeona tofauti. Zaidi ya hayo, wenye wake wengi walitozwa kodi ya ziada, na hivyo mke asiyeonekana katika sensa huenda alifichwa kwa makusudi.

Kazi yako iende hivi. Nakili hukumu yote neno kwa neno, pamoja na makosa yake, mstari kwa mstari, kabla ya kutafsiri chochote. Piga picha mbele, nyuma, na jalada la daftari, maana namba ya daftari na ya shauri ndizo zitakazokurudisha hapo. Uliza kwenye ofisi za komini zilizotokana na site ya zamani, Kamalondo kwanza, kisha kwenye grefe (ofisi ya karani) ya tribinali de pe, mahakama ya amani, kwa sababu tribinali hizo ndizo zilizochukua nafasi ya mahakama za desturi na pengine zilirithi madaftari yao. Sema mwaka, majina ya pande mbili na namba. Ukisema tu "natafuta nkambo wangu", karani wa leo hana pa kuanzia. Upande wa Ubelgiji, nyaraka za utawala wa koloni, zile Archives africaines, zimehamishiwa kwenye Nyaraka za Taifa huko Brussels. Humo tarajia ripoti za ukaguzi na barua za maofisa, zenye thamani kwa chefferie na machifu, kuliko hukumu ya mtu mmoja mmoja. Baadhi ya hukumu za tribinali za wenyeji zilichapishwa pia hapa Élisabethville, kuanzia 1933, katika jarida la sheria ya desturi. Zilichaguliwa kwa sababu ya hoja ya sheria, na hata kama yako haimo, zitakuonyesha waamuzi walivyokata mali katika desturi ya nkambo wako miaka ile ile.

Kama unazitafuta karatasi hizi kwa ajili ya urithi wa kiwanja au nyumba, uliza mwanasheria kabla ya kuzitoa popote. Sheria ya familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 2016, ina masharti yake ya kuthibitisha ndoa na uzazi. Upande wa pili ukiisoma hukumu ya kuvunja ndoa bila maelezo ya utekelezaji wake, unaweza kuigeuza silaha dhidi yenu.

Kwa jinsi ulivyoeleza, ninaelekea kuamini kwamba walirudiana: mdai wa 1941 ndiye baba wa 1943, na mtu aliyekwisha kurudishiwa mali na kwenda zake hana sababu ya kusimama kwa padri miaka miwili baadaye. Lakini kama baba alizaliwa ndani ya ndoa kwa desturi, hilo limebebwa na zile 350. Anza na mgongo wa ukurasa wa daftari la 1941, uone kama kuna alama ya dole ya mjomba na kiasi kilichoandikwa kando yake. Ukikuta pametupu, nenda parokiani ukaombe mstari wa ubatizo wa nkambo mwanamke, usome pembeni.